Maswali Yenu: Kuingia na Kutoka kwa Waamishi

SWALI: Mhariri, nasikia Mwamishi (hao Wakristo, hasa wa Marekani, wanaoishi kwa desturi za kale bila kumiliki magari) akiacha kanisa hutengwa na jamaa zake. Ni kila anayeondoka? Na mtu wa nje anapokelewa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Si kila mmoja, ndugu msomaji. Kinachoamua ni ubatizo. Waamishi hawabatizi watoto. Kijana huomba mwenyewe, wengi wakiwa kati ya miaka 18 na 22. Kwanza hufundishwa kwa miezi kadhaa vipengele 18 vya Ungamo la Dordrecht, tamko lao la imani la mwaka 1632, kwa kawaida viwili kila kipindi, pamoja na kanuni za kanisa lake, Ordnung. Kisha hupiga magoti na kuweka nadhiri ya maisha.

Aliyeondoka kabla ya nadhiri hiyo hatengwi, ingawa wazazi watasikitika. Aliyebatizwa akiondoka huonywa kwanza. Akikataa kutubu, hufukuzwa ushirika. Nyumbani huandaliwa meza yake pembeni, na wengine hawapokei kitu mkononi mwake. Ukali hutofautiana kanisa na kanisa. Akirudi na kuungama kwa magoti, adhabu huondolewa.

Huko nje kigumu zaidi, kwa maoni yetu, ni karatasi: masomo yaliishia darasa la 8, na wengine hawana hata namba ya hifadhi ya jamii, ambayo waajiri wa Marekani huidai.

Wa nje hupokelewa, ila ni wachache mno. Lazima kwanza aishi nao, ajifunze Kijerumani chao cha Pennsylvania na aache gari. Wengi hukwama kwenye lugha.