Makabati ya jikoni yamevimba chini: anza na kitako, mbao baadaye

Mleta mada, umeuliza kama ung'oe makabati ya MDF hapo Tabata, Dar, yaliyovimba chini ndani ya miaka miwili, uweke mninga mtupu kama fundi wako anavyoshauri. Ukuta umesema ni mita 3, na juu inakaa granaiti. Mimi naona mninga uishie milangoni. Maboksi yachongwe kwa plaiwudi ya mm 18, na pesa utakayookoa iende kwenye kitako, yaani kile kinachoinua boksi kutoka sakafuni, maana ugonjwa ulianzia huko.

Tazama tena picha uliyoweka. Uvimbe wote uko sentimita kumi za chini, na ubao wa pembeni umefumuka kama mkate uliolowa. Hayo ni maji ya kudeki. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Usoni ina ganda la kuzuia maji, ila pale msumeno ulipopita iko uchi, na fundi kaisimamisha juu ya vigae kwa upande huohuo. Ikishavimba hairudi hata ukiianika mwezi mzima. Mninga ungevumilia zaidi, lakini kwa kusimama majini kila siku nao ungeweka madoa meusi na viungo vingeachia.

Kwa hiyo boksi lisiguse sakafu. Weka miguu ya plastiki ya kurekebisha ya mm 100, minne kwa kila boksi, mbele ufiche kwa ukanda unaochomoka. Wengi mjini hapa hujenga kitako cha tofali na vigae. Ni imara, ila lazima utandike nailoni nzito kati ya kitako hicho na mbao, la sivyo unyevu utapanda taratibu. Mimi napendelea miguu: sakafu zetu nyingi haziko sawa na miguu unaizungusha tu mpaka pimamaji ikubali, halafu bomba likivuja unayaona maji siku hiyohiyo.

Ukuta wa mita 3 unabeba maboksi 5 ya mm 600, na karatasi 3 za plaiwudi za futi 8 kwa 4 zinatosha ukikata kwa mpango. Kila karatasi ipasue kwa urefu upate vipande viwili vya mm 560, na utabaki na ukanda mwembamba wa kama mm 94. Karatasi ya kwanza inatoa mbao 6 za pembeni za mm 770. Ya pili inatoa mbao 4 za pembeni na mbao 2 za chini ya boksi za mm 564. Ya tatu inatoa mbao 3 za chini na rafu 4, kwa sababu boksi la sinki halina rafu. Zile kanda nyembamba zichonge mm 90: ndizo za kufunga boksi juu, mbele na nyuma, mbili kwa kila moja. Mm 770 za boksi, 100 za mguu na 20 za granaiti zinakupa kimo cha mm 890. Mgongo uwe plaiwudi ya mm 6.

Kabla ya kununua, omba kipande cha sentimita 5 ukichemshe saa nzima. Tabaka zikiachana, gundi yake ni ya sehemu kavu tu, usiichukue hata ukipunguziwa bei. Na kila ukingo uliokatwa, hasa wa chini, upate mikono mitatu ya vanishi kabla boksi halijaungwa. Baada ya hapo brashi haifiki.

Sasa mninga. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana. Kwa urefu ni kidogo mno. Ndiyo maana mlango unakuwa fremu yenye paneli. Boksi la mm 600 liwe na milango miwili ya mm 297. Miimo iwe mm 60 kwa unene wa mm 20, viungo vya ulimi na tundu vyenye gundi. Paneli inaingia kwenye mfuo wa kina cha mm 10, ikiacha nafasi ya mm 2 kila upande, na HAIPAKWI gundi. Fundi akiigandisha, itapasuka katikati au itasukuma fremu wazi masika yakifika. Paneli ipakwe vanishi kabla ya kuunganishwa, ili ikisinyaa kiangazi usione mstari mweupe.

Ubao unaonunua Buguruni au Keko ukiambiwa mkavu, pima. Kata kipande mbali na ncha, kipime kwa mizani ya gramu, kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito ugome kushuka. Kikianza gramu 120 kikaishia 104, gawa zile 16 zilizopotea kwa 104: unyevu ni asilimia 15, na kwa hewa ya Dar hapo ni pazuri. Ukipata 25, panga mbao kivulini, vijiti vya inchi moja kati yake kila sentimita 50, na pima ubao mmoja kila wiki. Jikoni kukiwa na kiyoyozi kinachowaka mchana kutwa, teremsha mpaka 10 hivi, maana humo hewa ni kavu zaidi.

Bawaba za kikombe, zile zinazojificha nyuma ya mlango, zinataka shimo la mm 35, kina mm 12, kitovu mm 21.5 kutoka ukingoni. Toboa kwanza kwenye kipande cha majaribio. Biti butu huchana mninga vibaya. Ukiwa karibu na bahari chukua zisizoshika kutu.

Boksi la sinki acha mgongo wake wazi pale mabomba yanapopita, ziba kingo kwa silikoni, na chini weka trei ya plastiki yenye ukingo wa sentimita 2.