Mgeni kwenye meinifremu: usigeuze faili kabla ya kujua kilichomo

Kijana anayeajiriwa katika kitengo kinachohudumia kompyuta kuu, yaani meinifremu, kwa kawaida huwa amezoea ASCII, usimbaji (njia ya kuwakilisha herufi kwa namba) wa kompyuta nyingi, ambamo herufi A ni 41 kwa heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16, na nafasi tupu ni 20. Kwenye mashine za IBM zenye mfumo endeshi wa z/OS mambo ni mengine: A ni C1, nafasi tupu ni 40, na tarakimu za 0 hadi 9 ni F0 hadi F9. Huo ndio usimbaji wa EBCDIC, uliokuja na kompyuta za System/360 mwaka 1964 ukiwa umerithi mpangilio wa kadi za kutoboa, na kwa sababu hiyo alfabeti yake ina mapengo. I ni C9 lakini J ni D1, na baada ya R iliyo D9 hufuata S iliyo E2. Programu inayotembea kutoka A hadi Z kwa kuongeza moja moja itaokota njiani vitu ambavyo si herufi.

Ukiambiwa kwamba faili "ni ya EBCDIC," usiridhike. Uliza namba ya jedwali la misimbo, yaani orodha inayosema kila baiti ni herufi gani. Jedwali la 037 hutumika Marekani, 285 Uingereza, 500 ni la kimataifa, na 1047 ndilo la upande wa Unix ndani ya z/OS. Herufi za kawaida na tarakimu hukaa mahali pamoja katika yote hayo, na hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa majaribio ya haraka hupita bila tatizo. Tofauti hujificha kwenye alama: bano la mraba la kufungua ni BA katika 037, AD katika 1047 na 4A katika 500, nayo baiti yenye thamani 5B ni dola katika 037 lakini ni pauni katika 285. Mwenye kutunza data za fedha hahitaji kuelezwa zaidi.

Hata hivyo, kosa ninaloliogopa kuliko yote ni la kuigeuza faili nzima kana kwamba yote ni maandishi. Programu zilizoandikwa kwa lugha ya COBOL huhifadhi kiasi kwa desimali zilizofungashwa, COMP-3, ambapo kila baiti hubeba tarakimu mbili, ila nusu ya pili ya baiti ya mwisho hubeba alama, C kwa chanya na D kwa hasi. Namba 404 yenye alama chanya huandikwa 40 4C. Kigeuzi kisichojua mpaka wa maandishi kitaona nafasi tupu ikifuatwa na alama ya "ndogo kuliko," na kwa uaminifu kabisa kitaandika 20 3C. Atakayezisoma baiti hizo kama namba iliyofungashwa atapata 203, namba halali isiyozua onyo lolote. Afadhali data iliyoharibika ikasimamisha kazi usiku wa manane kuliko hii inayopita kimya hadi kwenye taarifa ya hesabu. Vilevile, baiti yenye thamani 25 iliyo ndani ya kiasi inaweza kugeuzwa kuwa 0A, alama ya mstari mpya, na rekodi moja ikawa mbili.

Kwa hiyo hamisheni faili kwa FTP, njia ya kuhamisha faili kati ya kompyuta, katika hali ya baiti ghafi, chukueni maelezo ya muundo wa rekodi kutoka kwa wenye programu, kisha mgeuze sehemu za maandishi peke yake, sehemu baada ya sehemu. Namba zisizofungashwa nazo zina desturi yake: hasi 123 huhifadhiwa F1 F2 D3, na ikigeuzwa husomeka "12L". Hiyo L si uchafu wa kufutwa, kwani ndani yake mna tarakimu 3 na alama ya hasi.

Safari ya kurudi, kutoka UTF-8, usimbaji wa mifumo ya kisasa, kwenda kompyuta kuu, ina shida yake, na majina yetu huifichua mapema. Ng'ang'a akiandikwa kwa kipigio (apostrofi) cha kawaida hupita salama, kwa sababu alama hiyo ipo kwenye 037 kama 7D. Simu na programu za kuandikia hupenda kuweka kile kipigio kilichopinda, ambacho katika UTF-8 huchukua baiti tatu na katika 037 hakimo kabisa; mahali pake huwekwa baiti ya kufidia na jina la mteja huharibika. Kisawazisheni kabla ya kugeuza, na urefu wa sehemu mpimeni kwa baiti, si kwa herufi.

Katika kukagua, msiamini macho. Ndani ya ISPF, programu ya z/OS ya kutazama na kuhariri faili, amri ya HEX ON huonyesha baiti chini ya kila herufi, na rekodi moja ya majaribio yenye mabano, alama ya mshangao, kipigio, kiasi hasi na ile 404 hufichua mengi kuliko maelfu ya rekodi za kawaida.

Limebaki suala la upangaji. EBCDIC hutanguliza herufi ndogo, kisha kubwa, kisha tarakimu. ASCII huanza na tarakimu, kisha kubwa, kisha ndogo. Faili iliyopangwa kwenye z/OS haijapangwa tena ikifika Linux, na programu inayolinganisha faili mbili sambamba itatangaza kwamba rekodi zimepotea ilhali zipo. Ipangeni upya upande ule ule ulinganisho unakofanyika.