Mapezi ya mzamiaji mpya: yajaribu mguuni kwanza

Hongera kwa kumaliza kozi, ndugu yangu. Umeuliza uchukue mapezi ya kuvaa kama kiatu au ya mkanda wa nyuma, kwa kuzamia kwenye visiwa vya Mnemba na Pemba, Zanzibar. Ya kiatu ni mepesi, yanatosha ukirukia majini kutoka botini. Mimi ningechukua ya mkanda, kwa sababu unayavaa na buti za mpira na hukanyagi mawe makali pekupeku.

Nenda dukani na buti zako. Vaa, nyanyua kisigino: pezi likicheza, litakuchubua; vidole vikifa ganzi, ongeza saizi. Mapezi magumu sana yaache kwanza, yanachosha kigimbi. Mikondo ya Pemba ina nguvu, na kigimbi kikikaza ukiwa chini ni hatari. Kama goti liliwahi kuumia, mwone daktari kabla hujanunua.