Muulize Mwalimu: Mlima haukuwa zawadi

Shikamoo zenu zimefika, marahaba wote. Maswali ya mwezi huu yamejaa kapu la mkate hapa barazani kwangu Tanga, nami nimechagua manne. Aliyetaka nimfanyie kazi ya nyumbani ya aljebra anisamehe. Nilistaafu ili nipumzike na hizo.

*Shikamoo Mwalimu. Tulifundishwa kwamba mpaka wa Tanzania na Kenya umepinda pale Kilimanjaro kwa sababu Malkia Victoria wa Uingereza alimpa mjukuu wake, Kaisari wa Ujerumani, mlima ule awe na zawadi ya siku ya kuzaliwa. Baba anasema ni hadithi tu. Nimwamini nani? (Kidato cha pili, Himo)*

Mwamini baba, lakini usimcheke mwalimu wako, maana ukimcheka yeye umenicheka na mimi. Hadithi hiyo nimeifundisha miaka kumi na tisa, tena kwa mbwembwe, na darasa zima lilikuwa likiipenda. Siku moja binti mmoja wa kidato cha tatu akaniuliza, "Kwani Kaisari huyo alikuwa na miaka mingapi?" Nikasema nitamjibu kesho. Usiku ule nikafungua vitabu, na jasho likanitoka.

Mpaka ule ulikubaliwa na Uingereza na Ujerumani mwishoni mwa mwaka 1886. Kaisari wa wakati huo alikuwa Wilhelm wa Kwanza, aliyezaliwa 1797. Victoria alizaliwa 1819. Yaani "mjukuu" alimzidi bibi yake miaka ishirini na miwili! Mjukuu wa kweli, Wilhelm wa Pili, alikuwa kijana wa miaka 27 na hakushika kiti mpaka mwaka 1888. Mlima ulikuwa umeshagawiwa.

Basi mpaka ulipindaje? Chukua atlasi na rula. Anzia baharini, mdomo wa mto Umba, kisha fuata mstari kuelekea kaskazini magharibi: umenyooka mpaka Ziwa Jipe. Hapo unaiacha rula, unapita katikati ya Taveta na Uchagani, unauzunguka mlima kwa kaskazini, halafu unanyooka tena mpaka Ziwa Victoria, pale inapopita latitudo ya nyuzi 1 kusini. Kwa nini katikati ya Taveta na Uchagani? Kwa sababu kila upande ulikuwa na karatasi zake mkononi. Mwingereza Harry Johnston alifika huko mwaka 1884 na kuandikiana mkataba na watu wa Taveta. Mwaka uliofuata Mjerumani Karl Jühlke akaandikiana na Mangi, yaani mtawala, Rindi wa Moshi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara. Mabwana wa Ulaya wakalinganisha karatasi, Wajerumani wakabaki na mlima, Waingereza wakabaki na Taveta na njia ya kutoka Mombasa. Mchaga na Mtaveta hawakuitwa kikaoni.

Na kwenye mtihani usiandike kwamba mstari huu ulichorwa Berlin. Mkutano wa Berlin ulifungwa Februari 1885, na huu ni wa mwaka uliofuata. Hilo nalo nililisahihisha vibaya kwenye madaftari mengi tu, Mungu anisamehe.

*Mwalimu, nimesoma habari za Mpemba kwamba maji ya moto huganda kabla ya maji ya baridi. Niliweka vikombe viwili kwenye friza ya mama, cha baridi kikaganda kwanza. Je, Mpemba alitudanganya? (Kidato cha tatu, Morogoro)*

Hapana. Erasto Mpemba alisema alichokiona, na alikiona karibu na hapa kwetu. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja akaweka maziwa yake bila kuyachemsha, na Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado ni uji. Alipouliza darasani aliambiwa amechanganyikiwa, na kila alipokosea hesabu akaambiwa hiyo ni "hesabu ya Mpemba". Hakunyamaza. Alipokuwa shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza mgeni aliyekuja kuzungumza na wanafunzi, Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake wakacheka. Osborne akarudi Dar, akaagiza jambo lijaribiwe maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja.

Lakini hakuna aliyesema kwamba hutokea kila mara. Mimi mwenyewe nimejaribu. Mama watoto anauza barafu za ubuyu, na friza yake ina utandu mnene wa barafu ambao kila mwezi ananilaumu kwa kutoukwangua. Nilijaribu mara sita, kikombe cha moto kilishinda mara moja tu. Mara hiyo nilipokitoa nikaona kimeyeyusha utandu chini yake na kukaa moja kwa moja juu ya chuma cha baridi, na mwenzake bado amekalia utandu. Utandu ule ni kama blanketi, unazuia joto lisitoke. Umeona? Hapo si maji yaliyoshinda, ni mahali pa kukaa.

Ziko sababu nyingine zinazotajwa: maji ya moto hupungua kwa mvuke, hewa iliyomo ndani yake hutoka yanapochemshwa, na maji mengine hushuka chini ya sifuri bila kuganda mpaka yashtuliwe. Wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima upya na hawakuona maji ya moto yakitangulia kupoa, tena wakaonyesha kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu, jibu linaweza kugeuka.

Kwa hiyo rudia. Vikombe viwe sawa, maji kipimo kimoja, na kabla hujafunga mlango uamue "kuganda" ni nini: ni ngozi ya kwanza juu, au ni kikombe chote kigumu? Halafu mwombe mama ruhusa, maana friza si yako.

*Je, Ziwa Tanganyika ndilo lenye kina kirefu kuliko yote duniani? (Darasa la saba, Kigoma)*

La pili. Kina chake ni kama mita 1,470. Baikal la Urusi lina zaidi ya mita 1,600. Barani Afrika hatuna mpinzani.

*Shikamoo. Bibi yangu huenda kuwinda pweza mwambani. Anajua siku za bamvua bila kuangalia kalenda ya ukutani, na siku hizo maji hupwa asubuhi ileile ya saa nne hivi. Anajuaje? (Kidato cha kwanza, Mkinga)*

Bibi anahesabu mwezi. Ukiandama, na ukifika kumi na nne au kumi na tano, jua, mwezi na dunia hukaa karibu mstari mmoja. Nguvu ya mwezi kuvuta bahari na ile ya jua, ambayo ni kama nusu yake, husaidiana: maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua, na kwa kawaida hukolea siku moja au mbili baadaye. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta upande mwingine, tunapata maji mafu, na pweza hulala salama.

Saa nne nayo ina sababu. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa kuwa dunia ikimaliza mzunguko wake mwezi umeshasogea mbele, inabidi iufuate. Jumlisha dakika 50 kwa wiki mbili, unapata karibu saa kumi na mbili, nao ndio muda kati ya kupwa kumoja na kwingine. Basi bamvua inaporudi, saa nazo zinakuwa zimezunguka na kurudi palepale. Ndiyo maana kina mama wa pwani yetu hushuka mwambani asubuhi hiyohiyo, wiki mbili baada ya wiki mbili.

Fuatana naye mwezi mzima, andika ni siku ya ngapi tangu mwezi uandame na saa ya maji kupwa, uniletee daftari. Hilo nitalisahihisha. Na bibi akiwa na pweza wa ziada, mkavu, sitakataa.