1KZ inakufa kwa joto: kwa mnaonunua Prado na Surf za zamani

Wakuu mnaoingia kwenye 1KZ, ile injini ya Toyota, karibuni, mana naona Prado na Surf za miaka ya 90 bado zinawavuta vijana wengi na kweli ni gari, mashimo na tope vyote inapita. Ila ijue kwanza. 1KZ-TE ni dizeli ya cc 2982 yenye tabo, bloku yake chuma ila hedi (sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu) ni aluminiamu, ikichemsha sana hata mara moja hedi inaweza kupinda au kupata ufa katikati ya valvu, na hapo ndo watu wanaanza kusema injini mbovu. Sio mbovu, haivumilii joto tu.

Kwahiyo hela ya kwanza usipeleke kwenye rimu na taa, peleka kwenye rejeta. Itolewe ioshwe ndani na nje, na kama imeshaziba kwa chumvi ya maji ya kisima nunua nyingine usiibembeleze. Humo weka kulanti (maji maalum ya kupozea injini). Kifuniko cha rejeta nacho watu wanakidharau wakati ndo kinachoshika presha ili maji yasichemke mapema, mpira wake ukikauka badilisha, soma namba iliyoandikwa juu uchukue ya namba hiyohiyo.

Feni ina klachi yenye mafuta ya silikoni ndani. Gari ikiwa ya moto, zima, subiri feni isimame kabisa alafu izungushe kwa mkono: ikiwa nzito ni nzima, ikizunguka yenyewe kama pangaboi imekufa, na mjini hutajua, utajua unapanda mlima Kitonga umebeba mzigo, na mbele yako kuna lori.

Kuna kipimo cha asubuhi hakina gharama yoyote. Kabla hujawasha, gari imelala usiku kucha, bonyeza hozi ya juu ya rejeta, inatakiwa iwe laini. Ikiwa bado ngumu tangu jana ujue presha ya silinda inaingia kwenye maji. Fungua kifuniko (injini ikiwa baridi, nasisitiza, maji ya moto yanababua uso), washa uchungulie, vipovu vidogo vikitoka mfululizo bila kuisha basi ni gasketi ya hedi au hedi yenyewe.

Geji ya dashibodi msiitegemee, inakaa katikati muda mrefu, ikija kupanda ushachelewa. Funga geji nyingine ya pembeni. Na ikipanda ukiwa mlimani zima AC, fungulia hita mpaka mwisho ushushe vioo, simama pembeni uiache iungurume taratibu bila kukanyaga mafuta, ila ukiona mvuke au maji yamekwisha zima hapohapo na usimwagie maji ya baridi.

Fundi akikwambia "tutoe themostati itapoa" (kile kinachozuia maji mpaka injini ipate moto) mkatalie kabisa, hiyo inaficha ugonjwa tu alafu injini inakula mafuta kwa sababu haifiki joto lake. Na gasketi ikiungua, hedi isirudishwe mpaka ikapimwe kwa presha kwa wachonga vyuma, mana kuna mtu anafunga gasketi mpya juu ya ufa alafu wiki ijayo yuko palepale gereji.

Mwisho taiming belti (mkanda unaoendesha valvu ziende sawa na pistoni), hiyo inabadilishwa kila kilomita 100,000. Mileji ya gari ya mkononi usiiamini na taa ya T-BELT ya dashibodi inayokumbusha kubadilisha belti kuizima ni rahisi tu, kwahiyo ukishanunua badilisha pamoja na tenshena yake inayoikaza, mana ikikatika valvu zinagongana na pistoni. Alafu andika kwa maka pen juu ya kava kilomita ulizobadilishia.