Shifta si kabila

Tangu niguse katika safu hii kifo cha Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya (DC) ya Isiolo, kaskazini mwa Kenya, barua zimezidi nafasi niliyonayo. Karibu nusu zinauliza jambo moja ambalo nimelijibu hadi ulimi umeota sugu. Nalitanguliza hilo, nipumue.

Shifta ni Wasomali wa wapi hasa? (Msomaji, Nakuru)

Si Wasomali wa popote. Neno ni la Kiamhari, mtu aliyeasi akashika msitu, na Wahabeshi waliwaita hivyo watu wao wenyewe kabla Nairobi haijawa mji. Likavuka mpaka pamoja na misafara. Serikali ya Kenya ilipolishika mwaka 1963 ilikuwa na hesabu yake. Ukimwita mtu mwasi, utaulizwa anaasi nini. Ukimwita shifta umemaliza kazi, ni mnyang'anyi, hana hoja ya kujibiwa.

Na hoja ilikuwepo. Mwaka 1962 Waingereza walituma tume ya watu 2, Mnigeria mmoja na jenerali mmoja wa Kanada, wawaulize wakazi wa NFD, ile Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, wanataka nini. Katika sehemu kubwa ya eneo wengi walijibu kwamba wanataka kujitenga wajiunge na Somalia. Machi 1963 London ikaamua vingine, uchaguzi wa Mei ukasusiwa, na kabla ya wiki 3 kupita tangu uhuru, hali ya hatari ikatangazwa. Mimi dai lao sikubaliani nalo hata leo. Lakini lilikuwa dai la siasa, na walioshika bunduki walikuwemo Waborana pia, ambao si Wasomali. Waborana wa Waso, kule Isiolo, miaka ile wanaiita gaafa daba, wakati uliosimama.

Mwanao akimwita mwenzake darasani "shifta", usicheke.

Wabera, mwenye mtaa Nairobi, alikuwa polisi? (Msomaji, Nairobi)

Hapana, alikuwa DC wa Isiolo, aliyeuawa kwa risasi karibu na Modogashe tarehe 28 Juni 1963 pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Mkimtaja mmoja, tajeni na wa pili.

Nani alikuwa askari wa kwanza wa mpaka wa kaskazini? (Msomaji, Marsabit)

Ukiuliza aliyelipwa na Waingereza, wengi watakutajia Mgiriki, Philip Zaphiro. Alikuwa mkaguzi wa mpaka mwanzoni mwa karne iliyopita, na kikosi kidogo cha askari, akikaa Moyale, ambayo wakati huo iliitwa Fort Harrington. Mkataba wa mpaka na Ethiopia ulitiwa saini 1907, yeye akiwa tayari yuko kazini. Askari alitangulia, mpaka ukamfuata.

Lakini mimi ningekutajia mwingine. Kwenye visima virefu vya Waborana kuna mtu anayeitwa abba herega, msimamizi wa zamu. Ndiye anayesema leo ng'ombe wa nani wanakunywa kwanza na wa nani watangoje. Hana bunduki, hana kofia. Akikunyima zamu wakati wa kiangazi utajua sheria ni nini.

Huku Texas wanajivunia Rangers, askari wao wa jimbo. Sisi hatukuwa na watu kama hao? (Msomaji, Houston)

Tulikuwa nao, na wanafanana na hao wenu kuliko unavyopenda. Usiku wa Januari 28, 1918, Rangers na wenzao walifika kijiji cha Porvenir, kando ya mto Rio Grande, wakawatoa wanaume na wavulana 15 wenye asili ya Mexico, wakawapiga risasi. Mwaka uliofuata mbunge José T. Canales alilifanya bunge la jimbo likichunguze kikosi chote. Kwenye sinema unaona farasi na beji tu. Soma jibu la mauaji ya Wagalla hapa chini, halafu niandikie tena.

Babu yangu mzaa mama alikuwa Dubas. Wengine wanasema ni jeshi, wengine polisi. Tumebaki na picha yake moja. (Msomaji, Wajir)

Barua hii nimeisoma mara mbili. Neno lenyewe ni la Kisomali, duub cas, kilemba chekundu. Picha bila shaka haina rangi, lakini itazame kichwani. Kile kilichozungushwa kwa unene, kikaonekana cheusi kwenye picha, ndicho hicho chekundu. Chini yake nguo nyeupe na mkanda wa risasi.

Hakuwa mwanajeshi, jeshi la mkoloni lilikuwa KAR (King's African Rifles). Wala hakuwa polisi wa kawaida. Alikuwa askari wa DC, polisi wa kikabila, aliyeandikwa kutoka miongoni mwa watu wale wale anaowalinda. Sheria ya polisi wa kikabila ilitoka 1929, na mwaka 1958 ndipo likaja jina la Administration Police, hawa AP tunaokutana nao leo. Babu yako ni babu yao wote, ingawa kwenye gwaride hawamtaji.

Kazi yake? Kusindikiza barua na maji kwa ngamia, kumfasiria DC maneno ya wazee (na kuyalainisha, nina hakika), kulinda visima. Zaidi ya yote, kufuata nyayo. Mzungu alikuwa na ramani isiyo na kitu ndani. Huyu alichutama, akagusa ukingo wa wayo kwa kidole, akaona kama mchanga unaporomoka au umeshikana kwa umande, akasema wamepita alfajiri na ngamia wamebeba mizigo. Safari nzima ya askari na bunduki zao ilitegemea kidole kile.

Sasa sehemu ambayo familia nyingi hazipendi kuisikia. Faini ilipopigwa, Dubas ndiye aliyekwenda kuchukua mifugo. Asubuhi anahesabu ngamia wa binamu zake na kuwaswaga hadi boma la serikali, jioni anarudi kula na binamu hao hao. Kumfanya shujaa mtupu ni uongo, na kumfanya kibaraka ni uvivu. Muulizeni bibi angali hai, alirudi nyumbani jioni zile akiwa na sura gani.

Picha msiipeleke kubandikwa plastiki kwa moto, itaharibika. Nyuma yake andikeni kwa penseli jina, ukoo na kituo alichotumikia. Kalamu ya wino hupenya.

Inawezekanaje watu wengi waadhibiwe kwa kosa la mmoja? Si kinyume cha sheria? (Msomaji, Dodoma)

Ndugu yangu, hiyo ndiyo iliyokuwa sheria. Watu wengi wanadhani kaskazini kulikuwa pori lisilo na sheria, ndipo askari wakaipeleka. Kulikuwa na sheria chungu nzima, ila ziliandikwa kwa ajili ya adui.

Novemba 1900 Wasomali wa Ogaden walimuua Arthur Jenner, ofisa wa Kiingereza wa Jubaland, ambayo leo iko Somalia. Kikaja kikosi cha kulipiza kisasi. Mwaka 1902 ikatoka sheria ya wilaya za nje, iliyoruhusu kufunga wilaya nzima, asiingie mtu bila kibali. NFD ikafungwa 1926. Miaka ya 1930 zikaongezwa nyingine 2: moja ya wizi wa mifugo na moja ya wilaya maalumu. Kwa hizo, mkuu wa jimbo aliweza kulitangaza kabila kuwa "hasimu", na tangu hapo ng'ombe wa mtu asiyejua lolote ni halali kukamatwa kwa sababu mtu wa ukoo wake ameiba.

Waliochukua nchi 1963 walizirithi hizo sheria nzima nzima. Mwaka 1966 wafugaji wakakusanywa kwenye manyata zenye ulinzi, mifugo ikafa kwa kukosa malisho. Vita hivyo vya kujitenga viliisha kwa karatasi iliyotiwa saini Arusha Oktoba 1967, Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi kati ya Jomo Kenyatta na Egal wa Somalia. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga askari na maofisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda miaka ile. Zile za wilaya za nje na wilaya maalumu hazikufutwa hadi 1997. Hesabu mwenyewe tangu 1902.

Zikafutwa kwenye vitabu, barabarani zikabaki. Niliwahi kusafiri kwa basi na rafiki yangu Mgarre, wa jamii ya Wasomali wa kaskazini. Kwenye kizuizi kimoja, askari kijana alinirudishia kitambulisho changu bila kukisoma. Cha mwenzangu alikiinua juani, akakigeuza, akamuuliza shule ya msingi, jina la mwalimu mkuu, mto ulio karibu na kwao. Mimi na huyo rafiki tumezaliwa hospitali moja. Na mwaka 1989 Wakenya Wasomali peke yao walipangwa foleni kuchujwa, wakapewa kadi za waridi za kuthibitisha uraia wao. Halafu mnashangaa mtu wa Isiolo akipanda gari la Nairobi na kusema "naenda Kenya".

Pale Wagalla walikufa watu wangapi? Naomba nambari moja tu. (Msomaji, Mombasa)

Nambari moja ndiyo aliyoitaka waziri, akasema 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, iliona ni karibu 1,000. Manusura wanakwenda mbali zaidi, hadi 5,000. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya Wajir, eti wasalimishe silaha, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji wala chakula. Tujuayo tunayajua kwa manusura, na kwa Annalena Tonelli, Mtaliano aliyekuwa akitibu kifua kikuu Wajir, aliyekwenda kuokota wafu na waliokuwa bado wanapumua.

Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Machi 2015 na kutaja mfuko wa shilingi bilioni 10. Akija mtu nyumbani kwako akitaka "ada ya fomu" ili jina la marehemu liingie kwenye orodha ya fidia, mfukuze.

Sungusungu wetu nao wamo katika historia hii? (Msomaji, Shinyanga)

Binamu, si ndugu. Sungusungu walianzishwa na wanakijiji wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, serikali ikawafuata baadaye. Ila kuhusu vikongwe waliopigwa kwa jina la uchawi, msinyamaze.

Kwa nini serikali isipeleke jeshi, wezi wa mifugo waishe mara moja? (Msomaji, Eldoret)

Barua hii huja kila msimu wa kiangazi, mwandiko tu ndio hubadilika.

Novemba 2012 askari polisi waliingia bonde la Suguta, karibu na Baragoi, kufuata mifugo iliyoibwa. Zaidi ya 40 hawakurudi. Wengi walikuwa vijana wapya kutoka chuoni, wameletwa mahali ambapo mwenyeji anajua kila jiwe. Kilichokosekana siku ile ni mtu wa kuchutama na kugusa mchanga, akasema turudi.

Watu hao wapo, polisi wa akiba, walioitwa KPR, wengi wakilinda vijiji miaka mingi bila mshahara. Mwaka 2019 serikali ikawanyang'anya bunduki, kwa madai kwamba baadhi walizitumia vibaya, na baadhi kweli walizitumia vibaya. Majambazi hawakurudisha zao. Baadaye akiba wakaitwa tena. Ukitaka kuniandikia tena, niulize kwanza nani hununua ng'ombe 300 walioibwa, na wanapanda lori gani.

Isiolo hadi Moyale ni mwendo wa muda gani? Nataka kwenda kuona. (Msomaji, Tanga)

Ni kilomita 500 na ushee. Kwa lami ya sasa siku moja inatosha. Beba maji na kitambulisho, na ukishushwa kwenye kizuizi tazama ni nani wengine wameshushwa.