Barua kwa mwanangu kuhusu kodi ya kazi zako za usiku

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma, na mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza utenge asilimia ngapi ya pesa za zile kazi za usanifu unazofanya usiku, maana kodi ya mshahara mwajiri anaikata mwenyewe kabla haujakufikia. Halafu, kama jambo dogo tu, ukataja kwamba yule mteja wako mkubwa anakukata kodi ya zuio kila anapokulipa, yaani sehemu ya malipo anayoizuia ili aipeleke serikalini kwa jina lako, ila vyeti vyake vya kuthibitisha makato hayo "vinakuja". Wewe umeuliza asilimia, mimi nimekwama kwenye hilo "vinakuja".

Asilimia tuimalize kwanza. Penye viwango vya kupanda, yaani asilimia ya kodi ikiongezeka ngazi kwa ngazi kadiri pato linavyokua, pato la pembeni halihesabiwi peke yake kuanzia sifuri. Linawekwa juu ya mshahara, kwa hiyo linaanzia pale mshahara ulipoishia. Kama mshahara umeshafika ngazi ya asilimia 30, na pato lote la pembeni likaangukia humo, basi ukilipwa 100 na gharama halali za kazi hiyo zikawa 20, kodi inahesabiwa kwenye 80, nayo ni 24. Mteja alishazuia 5? Umebakiza 19 za kulipa. Na anayekutisha kwamba ukivuka ngazi mshahara wote unapandishiwa kodi, usimsikilize. Kiwango cha juu kinagusa kile kilichovuka tu. Zitenge siku ile ile malipo yanapoingia, kwenye akaunti nyingine, na uulize mapema kama unatakiwa kulipa kwa awamu. Mkataba wako wa ajira nao usome, uone kama unakuruhusu kazi za nje.

Sasa nirudi kwenye zile 5. Hesabu ya 19 inasimama tu kama zimefika zilikopaswa kufika. Tuliokulia kwenye ajira hatuna mazoea ya kuuliza hilo, kwa sababu mwajiri anakata, anapeleka, nasi hatuoni kitu. Uingereza iliuanza utaratibu huo mwaka 1944, Marekani mwaka mmoja kabla, vita vikiwa bado vinapiganwa na serikali zikitaka fedha mapema bila kungoja mwaka uishe. Ni utaratibu mzuri, siulaumu. Lakini kazi ya pembeni haina mtu wa kukufanyia hivyo, na wewe tangu utotoni umenisikia nikisema: pesa isiyo na karatasi ni hadithi.

Unaikumbuka meza yangu ya kuchorea ramani, ile mliyokatazwa kuisogelea wino ukiwa wazi. Ramani nyingi za miaka ile zilikuwa za mkandarasi mmoja. Kila malipo alikata kodi, na kila malipo nilimwandikia ankara: kiasi kamili, kilichokatwa, kilichobaki. Vyeti niliomba kwa mdomo, nikaomba kwa barua, nikaipeleka barua mwenyewe na kugongewa muhuri kwenye nakala. Mwaka ukaisha. Nilipojaza ritani, ile fomu ya kutangaza mapato ya mwaka kwa watoza kodi, nikaonyesha kodi iliyokwisha kukatwa. Ofisa akafungua faili, akapitisha kidole mstari kwa mstari hadi chini, akarudia ukurasa, akasema kwa jina langu hakuna kitu. Yule bwana alikuwa anakata na kukaa nazo.

Nikampangia ofisa nakala zangu zote mezani. Alizisoma moja moja, mtu mwungwana kabisa, na akaniambia waziwazi kwamba ananiamini. Lakini imani yake haikuwa cheti. Nikalipa kwa mara ya pili kodi ambayo ilishatoka kwenye jasho langu, na hadi leo sijaambiwa kama yule mkandarasi aliwahi kuulizwa. Mwanangu, hilo bado linaniuma. Pesa zenyewe nilishazisahau, ila ule uso wa ofisa akisema ananiamini huku akiandika deni sijausahau.

Utaniambia: baba, karatasi si ulikuwa nazo? Nilikuwa nazo, lakini zote zilikuwa za mkono wangu. Ile ya mkono wa aliyekata ndiyo iliyokosekana, na ndiyo iliyohitajika. Kwa hiyo bado nasema pesa isiyo na karatasi ni hadithi, ila uangalie na karatasi yenyewe imeandikwa na nani.

Lakini pengine namwonea mteja wako. Wako wahasibu wanaotoa cheti baada ya kupeleka fedha, na kupeleka nako kuna siku zake katika mwezi. Yawezekana ni uzembe wa ofisi tu, si tamaa. Basi usimshutumu. Muulize tarehe aliyopeleka kodi ya kila ankara, na papo hapo ingia kwenye akaunti yako ya mlipakodi uone kama makato yake yanaonekana. Mpaka uyaone, tenga 24, usitenge 19.

Kama uendelee naye au umwache, hukuniuliza. Anakulipa kwa wakati, na unasema kazi zake unazipenda. Ninalo la kusema, tena liko kwenye ncha ya kalamu, lakini wateja ni wako na nitajizuia. Niandikie kwanza umekuta nini kwenye akaunti hiyo.

Baba yako